Barua ya wazi: nusu saa ya MRI ya mirija ya nyongo, na yanayoiharibu

Kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Afya. Katibu Mkuu, Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Waganga Wakuu wa Mikoa ya Dodoma na Singida. Na Waganga Wafawidhi wa hospitali zinazopiga picha hizi au zinazopeleka wagonjwa kupigwa.

Yah: Kuiweka sawa huduma ya MRI ya mirija ya nyongo kabla ya kununua mashine nyingine

Ndugu viongozi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mgonjwa tunayemzungumzia mnamfahamu. Macho yamekuwa ya njano, mkojo umekolea kama chai ya rangi, choo kimepauka kama udongo, na usiku halali kwa kujikuna. Vipimo vya virusi vya homa ya ini vimerudi safi. Ultrasaundi imeonyesha mirija ya nyongo ndani ya ini imetanuka, kisha ikakwama, maana sehemu ya chini ya mrija mkuu imejificha nyuma ya gesi ya utumbo. Daktari wa upasuaji amebaki na maswali matatu: kilichoziba ni nini, kimeziba wapi, na kipande kilichoziba kina urefu gani. MRI ya mirija ya nyongo, yaani picha inayopigwa kwa sumaku kubwa, ile inayoandikwa MRCP kwenye fomu, huyajibu yote kwa nusu saa, bila kisu, bila mionzi, na mara nyingi bila hata sindano. Mawe yaliyomo ndani ya mrija mkuu huyaona katika wagonjwa zaidi ya 90 kati ya 100 walio nayo. Vinavyoiponyoka zaidi ni vijiwe vya chini ya milimita 5.

Hiyo ni nusu saa iliyokwenda vizuri. Iliyokwenda vibaya hutoa picha yenye ukungu, na mgonjwa anarudi Kondoa au Manyoni na tarehe nyingine mfukoni. Tunachotaka kuwaambia ni kwamba mara nyingi mashine haina kosa. Kosa liko kwenye kikombe cha chai, kwenye fomu ya rufaa, kwenye pumzi ya mgonjwa na kwenye waya wa jenereta. Yote haya hurekebishwa kwa fedha ndogo sana ukilinganisha na bei ya mashine ya pili; na yasiporekebishwa, mashine ya pili itayarithi siku ile ile itakayofunguliwa kwa utepe.

Ili muone kwa nini chai inaingia kwenye barua ya kiserikali, inabidi tuseme kidogo jinsi picha inavyopatikana. Nyongo ni majimaji yaliyotulia. Ndani ya sumaku, ishara ya majimaji yaliyotulia huchukua muda mrefu kufifia, ilhali ya ini hufifia upesi: kwenye mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ni suala la milisekunde 40 hadi 50 hivi. Mashine ikisubiri milisekunde 700 au zaidi kabla ya kusikiliza, ini limeshanyamaza na misuli imenyamaza; mafuta nayo huzimwa kwa mbinu yake. Kinachobaki kikisema ni maji peke yake. Nyongo inang'aa, maji ya kongosho yanang'aa, na chai ya maziwa aliyokunywa mgonjwa stendi ya basi inang'aa vilevile, tena imekaa tumboni na kwenye utumbo mwanzo, mbele kabisa ya mrija tunaoutafuta.

Ndiyo maana tunataka mgonjwa asile wala kunywa kwa saa 4 hadi 6. Kufunga kuna faida ya pili: mfuko wa nyongo hubaki umejaa, maana chakula chenye mafuta huufanya ujikamue. Sharti hili huvunjwa kila siku, na si kwa ukaidi wa wagonjwa. Anayetoka Singida mjini amesafiri zaidi ya kilomita 200, hakuna aliyemwambia asile, na miadi yake imeandikwa saa 2 asubuhi kama ya mtu anayekaa Area C, hapa hapa jijini. Akifika saa 6 mchana ameshakula njiani. Tunaomba miadi ipangwe kwa umbali: wakazi wa jijini asubuhi, wa Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Bahi kuelekea mchana, wa mbali zaidi alasiri, na saa ya mwisho ya kula iandikwe kwa saa zetu za Kiswahili kwenye karatasi ya rufaa, si kusemwa kwa mdomo dirishani. Wenye kisukari wanaotumia dawa au insulini wapangwe mapema kabisa. Wenye selimundu nao wapewe nafasi ya kwanza, na ikibidi wawekewe dripu; kukaa saa 6 bila maji kwenye joto la Dodoma kunaweza kumwamshia mtu huyo maumivu yake. Hawa si wachache kwetu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na selimundu, na chembe za damu zinazovunjika kila siku ndizo zinazotengeneza vijiwe vyeusi vya nyongo, wakati mwingine kwa vijana wadogo sana.

Baada ya kufunga inakuja juisi ya nanasi. Wahasibu wengine hudhani ni kiburudisho. Nanasi lina manganizi, na manganizi huzima ishara ya majimaji yaliyomo tumboni, hivyo mrija hubaki peke yake ukiwaka. Mgonjwa hunywa mililita 200 hadi 400, dakika 15 hadi 30 kabla ya kulala mezani. Tatizo ni kwamba juisi hazilingani. Ya boksi moja huzima tumbo lote, ya boksi jingine haina inachofanya, na ile iliyoongezwa maji na sukari ni hasara tupu. Njia ya kujua ni rahisi: kila aina mpya inaponunuliwa, mimina kikombe kimoja cha juisi na kingine cha maji, viweke pamoja ndani ya koili ya kichwa (kile kifaa cha kunasa ishara kinachozunguka kichwa cha mgonjwa), piga ile ile seti ya picha za nyongo. Kikombe cha juisi kikitoka cheusi, nunua katoni. Kikitoka cheupe kama cha maji, wape wauguzi wanywe. Tumeulizwa mara kadhaa kama zabibu zetu za Dodoma hazifai kazi hiyo. Jibu ni lile lile, kipimeni kikombe. Kwa mwenye kisukari, sukari ya juisi ihesabiwe, au aachwe bila juisi. Picha bado itasomeka ikiwa amefunga kweli.

Pumzi ndiyo inayokula muda wetu kuliko yote. Ini hupanda na kushuka sentimita kadhaa kila mtu anapopumua, na mrija wenyewe una upana wa milimita chache. Kwa hiyo picha hupigwa kwa namna mbili. Zipo zile nene, za milimita 40 hadi 50, kila moja ikichukua sekunde 2 hadi 4 mgonjwa akiwa amezuia pumzi. Tunapiga kadhaa kwa kuuzunguka mrija, nyuzi 15 hivi kila hatua, na kati ya moja na nyingine tunaacha sekunde chache ili ishara ijirudie, la sivyo kila picha hutoka hafifu kuliko iliyotangulia. Kisha zipo nyembamba za pande tatu, milimita 1 kila kipande, ambazo hupigwa mgonjwa akipumua mwenyewe huku mashine ikivizia mwisho wa kutoa pumzi. Akipumua kwa mpangilio, seti hiyo humalizika kwa dakika 3 hadi 6. Akipumua hovyo, akalala usingizi, akashtuka, akakohoa, inafika dakika 10 na bado inatoka kama picha iliyolowa.

Mkanda wa pumzi ufungwe pale tumbo au kifua kinapocheza zaidi, si pale unapofika kwa urahisi. Mwanaume mzee mara nyingi hupumua kwa tumbo. Mkanda ukiwekwa kifuani mashine haioni kitu. Kama mashine inafuatilia kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo, badala ya mkanda, kile kisanduku cha kwenye skrini kiwekwe juu ya kilele cha ini upande wa kulia, nusu kwenye ini na nusu kwenye pafu. Na amri iwe fupi, iwe ile ile kila mara: vuta, toa, shikilia hapo hapo. Tunazuia pumzi baada ya kutoa, kwa sababu mtu akishatoa ini hurudi karibu mahali pale pale, ilhali akivuta kila mara huvuta kwa kiasi chake.

Hapo kuna jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wa kiwanda chochote. Bibi wa Kigogo kutoka Mvumi, au mzee wa Kirangi, Kinyaturu au Kisandawe, anaweza kukielewa Kiswahili vizuri sebuleni, lakini akiwa ndani ya tundu lenye makelele, masikio yamezibwa, amri inayotoka kwenye spika humpita. Tunaomba hospitali zirekodi amri hizo tatu kwa Kigogo, Kirangi, Kinyaturu, Kinyiramba na Kimaasai, kwa sauti ya mtu mzima mwenye heshima, na mgonjwa azifanyie mazoezi kwenye benchi nje kwa dakika 5 kabla ya kuingia. Ni kazi ya siku moja na simu moja nzuri. Haihitaji zabuni.

Kwenye benchi hilo hilo ndipo pa kumkagua vyuma. Fomu za usalama zilizotafsiriwa huuliza betri ya moyo, vipandikizi vya sikio na vibanio vya mishipa ya ubongo, nazo ziulize. Lakini ziulize na ya kwetu: hirizi iliyoshonewa kipande cha chuma, shanga zilizofumwa kwa waya, bangili za shaba ambazo hazirukii sumaku ila zinaweza kupata joto na kuchoma, pini kwenye khanga, vibanio vya wigi. Fundi wa kuchomelea aulizwe kama cheche za chuma zimewahi kumwingia jichoni. Akisema ndiyo, apigwe eksirei ya macho kwanza. Hirizi ivuliwe na kukabidhiwa kwa ndugu yake mbele ya macho yake. Ikitupwa kwenye beseni la chuma, mgonjwa huyo hatatulia mezani, na pumzi tutaikosa.

Sasa fomu ya rufaa. Nyingi hufika na maneno mawili: «manjano, MRCP». Tunahitaji vipimo vya damu, yaani bilirubini (ile rangi ya njano) ya jumla na ile ya moja kwa moja, na fosfatesi ya alkali, inayopanda nyongo ikiziba; pia majibu ya ultrasaundi yenye kipimo cha mrija kwa milimita, tarehe ya upasuaji wowote wa tumbo, na zaidi ya yote, kama mgonjwa amewekewa stenti (kibomba cha kuuacha mrija wazi) au mrija wa kutolea nyongo, na lini. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Stenti ikishaingia, mirija iliyokuwa imetanuka husinyaa, hewa hupanda kutoka utumboni, na picha huwa na madoa meusi yanayofanana na mawe. Uvimbe ulio kwenye njia panda ya mirija, pale wa kulia na wa kushoto inapokutana, hautapimika tena kwa uhakika, na daktari wa upasuaji atashindwa kujua kama ugonjwa umepanda upande mmoja au zote mbili. Piga picha kwanza, toa nyongo baadaye. Utaratibu huu hauna gharama yoyote, ila unahitaji mtu wa kuusimamia.

Tunaongeza haraka kwamba wapo wasiopaswa kungoja foleni ya MRI hata siku moja. Mwenye manjano, homa yenye kutetemeka na maumivu chini ya mbavu za kulia ana maambukizi ndani ya mirija mpaka ithibitike vingine. Huyo anahitaji antibayotiki na kutolewa nyongo iliyooza, picha itafuata ikibidi. Mtoto mchanga aliyepita wiki 2 akiwa bado na manjano na choo cheupe apelekwe kwa madaktari wa watoto mara moja: kama mirija yake haikuumbika, upasuaji wake hufanikiwa zaidi ukifanywa kabla ya siku 60 za umri, na wiki za kungoja miadi ya sumaku ndizo zinazomnyima. Aliyeonekana jiwe kwenye mrija mkuu kwa ultrasaundi, au mwenye bilirubini iliyopita maikromoli 68 kwa lita pamoja na mrija uliotanuka, anaweza kwenda moja kwa moja kwenye matibabu ya endoskopi, ile kamera inayopitishwa mdomoni. Upande wa pili, mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo tu, vipimo vya ini vya kawaida na mrija mwembamba, hana anachokifuata kwetu. Kipimo hiki ni cha wale wa katikati, ambao ultrasaundi na damu zimeshindwa kuamua. Mkiandika hivyo kwenye mwongozo wa rufaa wa kanda, foleni itapungua kabla hata hatujagusa mashine.

Malipo. Maji ndiyo dawa yenyewe ya kung'arisha, kwa hiyo kipimo hiki cha msingi hakihitaji sindano ya gadoliniamu, dawa ya kung'arisha picha, wala kipimo cha figo cha kuiruhusu. Pale kinapotozwa kwa bei ya MRI ya tumbo yenye dawa, mgonjwa au bima yake analipia chupa ambayo haikufunguliwa. Tunaomba kiwe na mstari wake kwenye orodha ya bei. Gadoliniamu iongezwe pale tu kunaposhukiwa saratani ya kongosho, ya mirija au ya ini, na hapo kweli ina kazi yake.

Tuingie kwenye majibu. Kuna picha moja ambayo kila mtu huipenda: mti mweupe wa nyongo ukielea kwenye giza, unazungushwa kama pambo. Hiyo ndiyo hupigwa kwa simu na kurushwa kwenye kundi la madaktari, na hiyo ndiyo inayodanganya. Mti ule hutengenezwa kwa kuchukua nukta angavu kuliko zote kwenye kila mstari. Kijiwe cha milimita 3 kilichozungukwa na nyongo angavu humezwa kabisa. Mawe yatafutwe kwenye vipande vyenyewe vya milimita 1, kimoja baada ya kingine, na kwenye picha za kukata mwili kwa mapana. Huko nako kuna mitego. Hewa huelea na jiwe huzama, kwa hiyo kwa mgonjwa aliyelala chali doa jeusi lililo mbele ya mrija ni hewa mpaka ithibitike vingine. Ateri ya kulia ya ini hukatiza mrija na kuacha alama kama umebanwa. Misuli ya mlango wa mrija ikijikaza wakati wa picha hutengeneza umbo la jiwe lililokwama. Rudia picha ile nene mara kadhaa kwa muda wa dakika chache, jiwe halitahama ila msuli utalegea. Vibanio vya chuma vilivyobaki baada ya kutolewa mfuko wa nyongo hufuta kipande cha mrija na kumfanya msomaji aone kovu lisilokuwepo. Na huku kwetu, mstari mweusi mrefu unaojipinda ndani ya mrija unaweza kuwa mnyoo wa askarisi; ukiuangalia vizuri, wakati mwingine utauona na uzi mwembamba mweupe katikati, ambao ni utumbo wake.

Mgonjwa mwenye maji mengi tumboni hutusumbua kwa namna yake. Picha nene hazifai kwake, kwa kuwa maji ya tumbo yanang'aa kuliko nyongo. Afanyiwe zile nyembamba. Na kama kuna uchaguzi, alazwe kwenye tesla 1.5 badala ya 3, maana kwenye ile yenye nguvu zaidi maji hayo huleta kivuli cheusi katikati ya tumbo. Nguvu zaidi si ubora zaidi kwa kila kitu, hili wauzaji hawalisemi.

Jibu lililoandikwa liseme upana wa mrija mkuu kwa milimita. Kwa kawaida hauzidi 6 au 7; aliyewahi kutolewa mfuko wa nyongo anaweza kufika 10 bila ugonjwa, na umri nao huongeza kidogo. Liseme umbali kutoka njia panda hadi kilipoanza kizuizi, umbo la mwisho wa mrija (umekoma kwa duara laini kama ukingo wa jiwe, au umekatika ghafla kwa mabega?), upana wa mrija wa kongosho ambao haupaswi kuzidi milimita 3 hivi kichwani mwa kongosho, na kama kuna mrija wa kulia unaoingia mahali pasipo pa kawaida. Hilo la mwisho si pambo la kitaaluma. Mrija wa aina hiyo ndio unaokatwa kwa bahati mbaya kwenye upasuaji wa kamera wa kutoa mfuko wa nyongo. Picha zote, si mti peke yake, zitolewe kwenye diski au mtandao wa hospitali. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, mgonjwa wa Dodoma anaweza kuwa Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Akifika bila vipande vyake atapigwa upya.

Tumebakiza umeme, na hapa tunaomba msome taratibu.

Sumaku hizi nyingi hukaa ndani ya heliamu, gesi iliyopozwa mpaka ikawa majimaji, yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Kichwa cha kupozea huirudisha heliamu inayotoka kama mvuke kuwa maji tena, saa 24, hata usiku hakuna mgonjwa. Kichwa hicho huendeshwa na kompresa, kompresa hupozwa na maji baridi, na maji hupozwa na mtambo uliosimama nje kwenye jua na vumbi. Mnyororo wote unashikwa na kiungo cha nje. Jenereta ikiunganishwa na taa, kompyuta na chumba cha upasuaji tu, umeme ukikatika usiku kucha sumaku inapoteza heliamu huku taa zinawaka na kila mtu anaamini mambo ni shwari. Heliamu ikishuka mno, sumaku inaweza kuitema iliyobaki yote kwa mara moja. Lita moja ya maji ya heliamu hugeuka kuwa zaidi ya lita 700 za gesi, na bomba lake la kutokea likiwa limezibwa na kiota cha ndege, gesi hiyo inaingia chumbani na kuifukuza hewa. Bomba likaguliwe, na kipima oksijeni chumbani kiwe kinafanya kazi, si kilichozimwa sauti kwa sababu kinapiga kelele.

Mtambo wa nje una maadui wawili hapa Dodoma. Vumbi la kuanzia Mei mpaka mvua za Desemba huziba mapezi yake. Yasafishwe kila wiki kwa brashi laini na hewa, yasingoje fundi wa mkataba anayekuja mara moja kwa robo mwaka. Na maji ya visima vyetu yana chumvi. Yakitumika kujazia mzunguko wa kupozea, huacha magaga kwenye mirija yake kama yanavyoacha kwenye birika la nyumbani. Yatumike maji yaliyotolewa madini, na kiwango chake kiandikwe kwenye daftari kila asubuhi pamoja na kiwango cha heliamu, shinikizo, joto na unyevu wa chumba. Chumba kikae kati ya nyuzi 18 na 22. Daftari hilo ni la senti chache.

Jambo moja walinzi na wafanya usafi walijue: umeme ukikatika, sumaku haizimiki. Inaendelea kuvuta kwa nguvu zile zile gizani. Mtungi wa kuzimia moto, tochi ya chuma, ndoo, kiti cha magurudumu, vyote vitaruka.

Na siku mtakapofika kwenye ununuzi, zabuni iseme wazi mambo ambayo huuzwa kama nyongeza: programu ya picha za nyongo za pande tatu, mkanda au ufuatiliaji wa pumzi, na koili ya tumbo yenye chaneli nyingi. Mashine inaweza kutua na jina kubwa ubavuni bila hata kimoja cha hivyo. Mashine ya wazi ya tesla 0.3 inaweza kusaidia goti na mgongo, ila msiinunue mkitegemea itatoa mirija ya nyongo ya milimita 1. Mkataba wa matengenezo uutaje mtambo wa kupoza maji kwa jina. Kwa kawaida hununuliwa pembeni, kwa mzabuni mwingine, na ukiharibika mwenye sumaku anasema si wake, mwenye majengo anasema si wake. Kitanda cha kusukuma kisicho na chuma na mtungi wa oksijeni wa alumini navyo viwe humo.

Mwisho ni kile kinachofuata baada ya picha. Endoskopi ya mirija ya nyongo, ERCP, ilianza mwaka 1968, na kwa miaka mingi ilitumika hata kwa kutazama tu, ingawa wagonjwa 3 hadi 10 kati ya 100 huvimba kongosho kwa sababu yake. MRI ya nyongo ilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliiondolea kazi ya kutazama, ikaiachia ya kutibu. Kwa kanda yetu maana yake ni kwamba siku za picha zipangwe kwa kufuata siku za endoskopi na za upasuaji. Picha za Jumatatu na Jumanne zikisomwa ndani ya saa 24, Jumatano msomaji na daktari wa upasuaji wakae mbele ya skrini moja kwa saa moja, Alhamisi mgonjwa aingie. Jiji lenye hospitali iliyoanza kupandikiza figo mwaka 2018 haliwezi kushindwa na ratiba ya wiki moja. Picha ya wiki 6 zilizopita haimfai mtu mwenye uvimbe, na jiwe lililoonekana mwezi uliopita huenda limeshapita lenyewe.

Kama hamwezi kuyashika yote katika mwaka mmoja wa fedha, anzeni na waya wa kuuunganisha mtambo wa kupoza maji na jenereta. Bajeti hufunguliwa Julai na joto kali hutufikia Oktoba, kwa hiyo fundi umeme ana miezi 3.

Wenu katika kazi,
Wateknolojia na madaktari wa radiolojia,
Dodoma